Mkwe Nje ya Dirisha

Jumatatu, 3 Juni

Nimefagia darasa saa tisa, watoto wa shule walipotoka. Nimefuta ubao. Andalio la somo tayari tangu jana. Wanafunzi wangu kumi na wanne wa kisomo cha watu wazima, wamefika wote. Madawati ni ya darasa la pili, magoti ya wazee yanagonga mbao. Hakuna aliyelalamika.

Wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha hapa Kwamsisi. Kila siku naamkia kwanza, shikamoo baba, shikamoo mama, ndipo naita mahudhurio. Chuoni Korogwe hawakutufundisha hivyo. Siwezi kuita jina la mtu wa umri wa bibi yangu kabla sijamwamkia.

Bibi Mwanaidi leo ameandika jina lake lote bila kutazama ubao. Alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akalitazama muda mrefu, kama mtu aliyeonyeshwa picha yake. Nilijifanya napanga chaki. Huyu alijiandikisha kwa sababu msimu uliopita aliuziwa mbegu zilizokwisha muda, na tarehe ilikuwa kwenye pakiti, ameishika mkononi.

Alhamisi ya tarehe 20 mkufunzi anakuja kunikagua. Anataka kuona kazi ya wawili wawili. Nimewapima wote kusoma na kuchora jedwali: anayeweza na asiyeweza, dawati moja. Limetoka safi.

Jumanne, 4 Juni

Nimeharibu.

Nilisoma majina kutoka kwenye jedwali. Bibi Mwanaidi na Bwana Saidi, dawati la tatu. Bwana Saidi ndiye msomaji wangu bora, ana miaka kama thelathini na mitano. Hakusogea. Nikasema, "Karibu, Bwana Saidi, kaa hapo." Akaja. Akakaa nusu, mguu mmoja nje ya dawati, uso ukutani. Bibi Mwanaidi akavuta kanga mpaka ikafunika macho. Wengine wakainamia daftari zao. Mimi nikaendelea na silabi za *ba*. Niliendelea! Dakika tano hivi.

Kisha Bibi akakusanya daftari lake. "Naenda kuangalia kuku, mwalimu." Bwana Saidi akatoka kwa mlango huohuo baada ya muda, akaelekea njia nyingine.

Mama Hadija, mwenye nyumba ninayokaa, naye ni mwanafunzi wangu. Aliniambia tukiwa njiani.

"Yule ni mkwewe. Kamuoa Zuhura, binti yake."

"Mbona hamkuniambia?"

"Wewe mwalimu. Tulidhani unajua."

Mkwe! Kwetu Manundu pia mtu hakai kiti kimoja na mama mkwe. Najua hilo tangu mtoto. Ila daftari langu lina safu ya jina, umri na kitongoji. Nani ni nani kwa nani, sikuuliza.

Jumatano, 5 Juni

Kumi na wawili. Madawati mawili matupu. Nilifundisha vibaya.

Alhamisi, 6 Juni

Nimekwenda kwa Bibi Mwanaidi asubuhi. Nilipiga goti. Akaniinua kwa mkono, akanipa kigoda, akanimenyea muhogo. Hana hasira, na hilo liliniumiza zaidi.

Alisema wao wawili walikuwa wameshajipanga. Yeye dawati la mbele, Saidi la nyuma, na kila mmoja anajua lini aingie. Miaka tisa wanaishi hivyo. Akiwa na jambo na Saidi anamwambia Zuhura, Zuhura anampelekea mumewe. Nami nikamweka ubavuni pake mbele ya watu.

"Mwache Saidi asome. Bado kijana, ana watoto. Mimi nimeshaona jina langu, yatosha."

Jioni nikamfuata Bwana Saidi shambani kwake. Sikumwambia nilikotoka. Alisimama, akafuta mikono kwenye suruali.

"Mama ndiye asome, mwalimu. Mimi nitasubiri darasa la mwakani."

Darasa la mwakani halipo. Anajua. Hata Bibi anajua.

Nimekaa na hili tangu saa kumi na mbili. Watu wawili, kila mmoja anampa mwenzake kiti, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Sijawahi kuona heshima ya namna hii kwa macho yangu. Na mimi ndiye niliyekuja kuwafundisha.

Jumamosi, 8 Juni

Bodaboda hadi barabara kuu, basi hadi Korogwe. Nimemweleza mkufunzi kila kitu, hata zile dakika tano. Nilitegemea anisute. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Umeuliza darasa?"

"Hapana."

"Hao si watoto. Nenda kawaulize. Na usipowarudisha, sina cha kuja kukagua."

Nilipitia nyumbani Manundu. Mama alinitengea wali, sikumaliza.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeweka andalio pembeni. Nimeomba radhi mbele ya wote, nikauliza tufanyeje. Nilidhani watanyamaza. Waligombana saa nzima!

Kurudi mbele na nyuma kama zamani, wakasema, haitoshi tena baada ya aibu ile. Mmoja akataka siku tofauti. Wakamkatalia, nina wiki chache tu hapa. Mwingine akataka pazia katikati. Mzee Ramadhani, anayechonga mipini ya majembe, akauliza nani ataona ubao kupitia pazia hilo. Wakacheka. Kisha akaonyesha dirisha la nyuma. Halina kioo wala kifuniko. Saidi akae barazani, dirishani, anaona ubao wote. Bibi akae mbele, mgongo kwake. Paa moja, lakini hawako chumba kimoja.

"Na mvua?" nikauliza.

"Mwalimu, hii Juni," akasema Mama Hadija. "Wewe umetoka nchi gani?"

Wamejigawa wao wenyewe nani aende kwa nani kupeleka habari. Sikutumwa.

Jumatano, 12 Juni

Wamerudi.

Bibi aliingia kwanza. Baadaye kidogo kofia ya Bwana Saidi ikatokea dirishani, kisha uso. Amekalia ndoo aliyoipindua, daftari juu ya paja. Jua linampiga shavuni. Nilipouliza swali akanyoosha mkono, ukaingia ndani ya darasa hadi kiwikoni.

Niliandika tarehe ubaoni, polepole, nipate kupumua.

Jumatatu, 17 Juni

Idi. Hakuna darasa. Nimeletewa nyama kutoka nyumba nne.

Alhamisi, 20 Juni

Mkufunzi alifika saa tisa na nusu. Alikaa pembeni na fomu yake. Alitazama dirisha, akanitazama mimi, akaandika kitu.

Kazi ya wawili wawili niliibadili. Kila mtu amwandikie mwenzake wa darasani sentensi mbili kwenye kipande cha karatasi, apeleke, asubiri jibu. Walianza kucheka kama wari wa unyagoni. Nilizunguka nikisahihisha. Nilipofika dirishani Bwana Saidi akaninyooshea karatasi iliyokunjwa.

"Mpelekee mama."

Je, kuandikiana nako kumekatazwa? Safari hii niliuliza. Niligeuka nikamwuliza Mzee Ramadhani, mbele ya mkufunzi na wote. Akafikiri. Akawatazama wazee wenzake.

"Karatasi haina macho," akasema. "Mpe."

Bibi Mwanaidi aliikunjua juu ya dawati. Alisoma kwa kidole, midomo ikitembea. Hatukumsaidia. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Kisha akaisoma kwa sauti, silabi kwa silabi.

*Shikamoo mama. Mahindi yako nitavuna mimi Jumamosi.*

Akachukua kalamu. Mkufunzi alitazama saa yake, kisha akaivua na kuiweka mfukoni. Jibu lilichukua karibu nusu ya kipindi. Nilipolibeba kwenda dirishani karatasi ilikuwa imetoboka mahali pawili.

*Marahaba baba. Njoo na watoto.*

Bwana Saidi alilisoma, akainamisha kichwa, kofia ikaficha uso. Mabega yakawa yanatikisika.

"Basi Zuhura hana kazi tena!" akasema Mama Hadija. Darasa likaangua kicheko, Bibi naye, ndani ya kanga yake.

Mkufunzi aliniambia hivi tu, akipanda bodaboda: "Andalio hukulifuata."

"Ndiyo, mkufunzi."

"Nimeona."

Miaka tisa. Sentensi nne. Nilichukua kozi hii kwa sababu kidato cha tano kilinikataa na nafasi ilikuwa hapo. Sikujua nimeshika kitu gani.

Jumatatu, 24 Juni

Nimefagia saa tisa. Bibi Mwanaidi amewahi kuliko wote. Aliniitikia shikamoo kwa kichwa tu, akapita hadi dirisha la nyuma, akaweka karatasi iliyokunjwa kizingitini na jiwe dogo juu yake. Kisha akaenda kukaa mbele.

Hakuniomba niiangalie kama ameandika sawa. Nami sikuigusa.