Nusu ya Leso Iliyobaki Sandukuni

Dada Kadzo,

Ni mimi, Kazungu. Tumekuzika, wageni wamerudi makwao, na mimi bado sijalia. Mimi, niliyewaliza hata askari wa bandarini kwa hadithi za baba yetu! Nakula, sijui nimekula nini.

Mchungaji alikuja. Anataka historia ya kanisa letu la Mtakatifu Rebeka, isomwe Jumapili ya sikukuu yake. Kasema katika wale wa mwanzo nimebaki mimi tu. Basi nikaanza, unanijua. Nikamwambia Tononoka nzima ilivyotucheka: "Mtakatifu gani huyo, mama wa hapa hapa kisiwani, aliyekula muhogo kama sisi?" Nikamwambia Rebeka aliwaficha uani kwake watumwa mia saba waliotoroka. Wewe ulikuwa ukisema saba. Nikamwambia ibada ya kwanza ilikuwa chumbani kwako, madhabahu ni cherehani yako, na mchungaji wa siku hizo alipopiga goti akagonga kanyagio, cherehani ikaanza kushona katikati ya sala.

Nikafika kwenye kitambaa cha madhabahu, kile kilichotiwa ndani ya kioo. Unajua ninavyosema: nilikichagua mwenyewe Biashara Street, maduka matatu yakafunga milango yanihudumie mimi peke yangu. Nikangoja. Hapo ndipo wewe husema, "Haya, Kazungu, tuambie tena."

Hakuna aliyesema. Mchungaji aliandika tu. Yote.

Juzi Neema, bintiyo, alifungua sanduku lako wagawane nguo. Akaja kwangu na leso moja nyekundu, yenye michoro ya korosho.

"Mjomba, hii si ndiyo ile ya kanisani? Si mwenzake huyu?"

Nikasema sijui.

Asubuhi ya ibada ile ya kwanza ulinituma kitambaa, nami nikapotelea Makadara, nakula viazi na kuwasimulia watu kwamba tunajenga kanisa la orofa tatu. Nikarudi mikono mitupu, watu wamekwisha kukaa. Ukanitazama. Ukatoa doti yako ya harusi, leso zake mbili hazijatenganishwa hata, ukatia mkasi katikati, nusu ukaitandika juu ya cherehani. Mchungaji alipouliza nani kaleta kitambaa kizuri hivi, ukasema, "Ni huyu mdogo wangu."

Uongo wangu wote nimeutunga mwenyewe. Huo mmoja ulinipa wewe. Nikauvaa miaka yote hii, nawe unaketi benchi la pili unaniangalia nikitamba nao.

Leso iko hapa mapajani. Naishika, sisikii kitu. Ni kitambaa tu.

Kesho nitamwambia mchungaji afute pale. Na Jumapili nitakwenda nayo kanisani, niitandaze kando ya ile iliyo ndani ya kioo, watu waone zinavyokutana pale ulipokata upogo kwa haraka. Nitasema ni yako. Nitasema mimi nilikuja mikono mitupu. Sitaongeza kitu, nakuahidi, hata duka moja.

Lala, dada. Nisipolia Jumapili usinikasirikie. Nitakuwa nasema kweli mbele za watu kwa mara ya kwanza, na kazi mbili kwa pamoja siziwezi.

Mdogo wako,
Kazungu