Neno Moja, Ukurasa wa 212

Semarang, Alhamisi

Kaka Pramudji,

Hatujambo, ila goti la Mama. Asubuhi alikaanga tempe akakuwekea sahani yako kama kawaida, kisha akanigombeza kwa kuila. Paka wako naye amezaa ndani ya kofia yako.

Kazini nasahihisha kitabu cha maisha ya Rais. Kurasa mia nne na hajakosea hata siku moja. Hata utotoni mbuzi walimtii! Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka nilipofika ukurasa wa 212, kwenye ule mgomo wenu wa wanafunzi. Wameandika: “Kiongozi wao, marehemu Pramudji.”

Nikadhani wamepitiwa. Nikalikata neno kwa kalamu nyekundu. Leo kurasa zimerudi kutoka Ikulu, na neno lipo palepale. Nikamwendea mhariri, Pak Harsoyo.

“Pak, huyu ni kaka yangu, na yu hai. Wamekosea.”

Akainuka, akafunga mlango.

“Wuryanti, mwanangu, kitabu hiki kimesomwa Ikulu mara tatu. Hakina kosa.”

“Lakini hajafa!”

“Kinazinduliwa Jumatatu,” akasema, macho yake sakafuni. “Nenda nyumbani mapema leo. Kama una mtu wa kumwandikia, mwandikie.”

Mama sijamwambia. Posta siiamini, ndiyo maana barua hii inaletwa na Mjomba Karto kwa mkono wake. Amekuja na pikipiki na hatazima injini.

Kaka, usimalize hata hiyo chai.

Dada yako,
Wuryanti