Alichokifuata Eilif Ubelgiji

Sandane,
Norwei.
9 Oktoba 1998

Mpendwa wifi yangu Jorunn,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako theluji imeshavika vilele na kondoo wameshateremshwa mlimani. Hujambo wewe huko ng'ambo? Goti lako linakwendaje? Mumeo Angus naye hajambo, au bado anapanda paa kana kwamba ni kijana? Sisi tu wazima. Kaka yako Eilif anakohoa na daktari hamtaki, unamjua. Mimi mwili hauna neno, ila moyo umejaa maswali, ndiyo maana nakuandikia kabla ya Krismasi.

Tulikwenda Ubelgiji. Najua hapo umevua miwani ukaifuta. Eilif huyuhuyu, ambaye hata Bergen haendi mpaka asukumwe! Majira ya kuchipua, jioni moja, alizima televisheni akaniambia, "Oddlaug, chama cha wastaafu kina safari ya basi. Nimeshatuandikisha."

"Kwenda wapi?"

"Ubelgiji. Kutazama majumba ya makumbusho."

Wifi, mtu huyu ameingia jumba la makumbusho mara moja tu maishani, na siku hiyo alikuwa anakimbia mvua. Machale yakanicheza. Yakazidi aliponunua shati jipya mwenyewe bila kuniuliza, kisha akaenda kunyoa bila kukumbushwa. Mwanamume wa umri wake akianza kujitengeneza, mke hafungi macho.

Basini nyuma yetu alikaa Magnhild Tveit, mjane wa mwalimu mkuu. Yeye alikuwa akifundisha Kifaransa Bergen zamani, na hakuachi usahau. Tangu tuvuke bahari kuingia Denmark, kila basi liliposimama Eilif alikuwa upande wa Magnhild, wananong'ona. Nikisogea na themosi yangu ya kahawa, mazungumzo yanageuka kuwa hali ya hewa.

"Mvua ya Ujerumani ina siri gani mpaka inong'onwe?" niliwauliza.

Magnhild akachekea kikombe. Eilif akala mkate wake wa jibini bila kuniangalia.

Ghent ni mji mzuri, sisemi uongo. Mifereji, minara, na kome waliopikwa kwa mvinyo ambao niliwala nikasahau hasira. Lakini ndani ya makumbusho Eilif hakutazama chochote kwa utulivu. Alipita vyumba upesiupesi kama mtu aliyepoteza ng'ombe, anachungulia ukuta huu, anachungulia ule, kisha anatoka amenuna. Huyo ndiye mpenzi wa sanaa.

Bruges, nikiwa nimeinamia lesi za zamani, nikageuka: Eilif hayupo, Magnhild hayupo. Nikawakuta mlangoni. Magnhild anamwaga Kifaransa kwa mkata tiketi, na mume wangu anaisokota kofia yake.

"Tulikuwa tunauliza choo," akasema Eilif.

"Choo kiko nyuma yako, na mlango wake una picha ya mtu."

Basi zima liliona. Dereva, mtu wa Førde asiye na haya, akaniambia nikipanda, "Mama, chako kishike kwa mikono miwili, huku Ulaya kuna vibaka." Watu wakacheka. Nilicheka nao, lakini usiku ule niligeukia ukutani.

Asubuhi nikamfuata Magnhild penye mayai ya kuchemsha. Nikamuuliza waziwazi, "Una nini na mume wangu?"

Akawa mwekundu mpaka masikioni. "Muulize mwenyewe, Oddlaug. Nimempa neno langu."

Neno lake! Afadhali angenitukana.

Antwerpen tulipewa siku huru. Eilif akasema tumbo linamsokota, mimi niende na wenzangu kuona wanyama. Nikasema sawa, pumzika baba. Nikatoka, nikasimama ng'ambo ya barabara nyuma ya kibanda cha magazeti. Haukupita muda, mgonjwa wangu huyoo, ndani ya shati jipya, na Magnhild ubavuni na ramani. Nikawafuata. Nilikuwa nimeshapanga maneno yote nitakayomwambia, mengine hayasemeki kwa mtu aliyekulia nyumba ya sala.

Waliingia jumba dogo la makumbusho, kichochoro cha karibu na bandari. Nikakata tiketi, nikapanda ngazi. Juu, Magnhild alikuwa kwenye benchi peke yake. Aliponiona akainuka, akanyoosha mkono. "Mwache kidogo, nakuomba."

Nikampita.

Eilif alisimama mbele ya picha moja, kofia mikononi kama yuko kanisani. Picha ya msichana aliyeinamia beseni, anaosha nywele, wazi mpaka kiunoni, mgongo kwetu na uso amegeuza begani.

"Ndiyo haya?" nikamwambia. "Umevuka nchi nzimanzima kuja kutazama mgongo wa mtoto wa watu?"

Hakugeuka. Akasema taratibu, "Mtazame usoni, Oddlaug."

Nikatazama. Wifi, ulikuwa wewe. Wewe wa siku zile tulipoketi dawati moja, na kicheko kile ulichokuwa ukikificha mwalimu akiingia.

Ndipo Eilif akaanza kusema, na sijawahi kumsikia akisema mengi hivyo. Picha aliiona kwenye televisheni, katika kipindi cha wachoraji wa Ubelgiji. Ilipita haraka, hata jina la jumba hakulipata. Hakuthubutu kuniambia kwa sababu ingebidi anieleze na yale mengine.

Akanieleza. Kwamba ulipokuwa mtumishi katika kanisa la mabaharia wetu pale Antwerpen, baharia mmoja wa kwetu aliiona picha yako kwenye maonyesho, akaja kuitangaza kwenye nyumba ya sala kwetu. Kwamba baba yenu alikataza jina lako lisitajwe mezani. Na kwamba uliporudi, Eilif ndiye aliyetumwa gatini. Ulishuka na sanduku lako, ukamkimbilia, naye akakuambia upande tena melini.

"Nilikuwa sijaiona picha," akasema. "Nilimhukumu kwa mdomo wa baharia. Nilidhani ni uchafu. Kumbe anaosha nywele tu."

Mlinzi wa chumba, mama mnene mwenye funguo, akaja kumkemea kwamba amesogelea picha mno. Eilif, ambaye lugha ya watu haijui, akajigusa kifua, akakunyooshea kidole wewe pichani, akasema kwa Kinorwei, "Dada. Dada yangu." Magnhild akatafsiri haraka kutoka mlangoni. Yule mama akamtazama Eilif, akakutazama wewe, kisha akaenda kumletea kiti. Eilif akakaa pale mpaka walipofunga. Mimi na Magnhild tulikwenda kunywa kahawa, na nikamtaka radhi. Nikamnunulia na keki. Si mtu mbaya, ila Kifaransa chake kirefu.

Sasa wewe. Usidhani nimekumaliza. Tumeandikiana kila Krismasi, nikakuuliza kwa nini huji nyumbani, ukanijibu nauli, mara goti, mara kuku hawana wa kuwalisha. Nimewaamini hao kuku miaka yote! Na aliyekuchora ni nani hasa? Anayeosha nywele kwa maji baridi hatabasamu namna ile. Nataka jibu, na lisiwe la kuku.

Nilimuuliza Eilif nikuambie nini. Akafikiri chakula kizima, kisha akasema, "Mwambie ni picha nzuri." Nikamwambia hilo halitoshi. Akaenda kupasua kuni.

Lakini kuna jambo jingine. Tangu tumerudi anapanda chumba cha juu, kile cha dirisha la kutazama maji ya fjordi, ambacho hakijalaliwa tangu mama yenu afariki. Jana nimemkuta anapaka rangi kuta. Rangi ya bluu, wifi. Kitanda amekitoa nje, amekikaza miguu, na godoro ni jipya kabisa. Nikamuuliza kuna mgeni gani. Akasema hakuna mgeni, ni rangi tu ilikuwa inauzwa rahisi.

Simwamini hata kidogo.

Nisalimie Angus, umwambie ashuke juu ya paa. Msalimie binti yenu Catriona na watoto wake. Magnhild naye anakusalimu, anasema anakujua sasa. Mungu akulinde, akuponye goti, na akunyime visingizio.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye hata nikikushuku,

Oddlaug