Maji ya Tandala

Mwaitu,

Mama yangu, nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandikia barua. Wewe hukujua kusoma hata Kikamba, kwa hiyo haidhuru. Huu ni mwezi wa tatu tangu tukuzike. Syombua, mke wa kaka, amehamia chumbani mwako na ameshauza mbuzi wawili, yule mweusi mkorofi na mtoto wake.

Mimi nimerudi mtoni, chini ya mlima wa Nuu, palepale. Nimekaa ndani ya kibanda cha majani, kamera mbele yangu ikielekea kidimbwi cha maji, na leo ni siku ya tisa namngoja tandala, yule swala mkubwa, aje kunywa. Nimepewa filamu yangu ya kwanza, Mwaitu. Miaka yote nimebeba vyombo vya wengine na sasa hii ni yangu. Nilitaka uwe wa kwanza kujua, halafu nikakumbuka kwamba hata ungekuwa hai ungesema "Nimesikia" na kugeukia ukuta.

Wacha basi niseme yale tuliyonyamazia.

Unakumbuka kiangazi kile cha miaka ya themanini, Metho alipokuja. Mzungu mrefu wa kupiga filamu za wanyama, na watu walimwita Metho, yaani macho, kwa kuwa kila ukimwona jicho lake lilikuwa kwenye kamera. Alitaka msichana aliyemaliza Form Four, anayejua Kiingereza na asiyeogopa nyoka. Tulichimba shimo katika mchanga wa mto, tukatandika turubai, tukalifukia kwa mchanga kidogo, tukamwaga maji ya madramu yaliyoletwa na Landrova kutoka mji wa Mwingi. Ungeapa ni Mungu aliyechimba kidimbwi kile. Kazi yangu ilikuwa kufagia nyayo kwa tawi kila asubuhi na kuzuia watu na mbuzi wasikaribie, maana tandala akinusa binadamu hatokei kwa siku mbili. Metho aliniambia wazi: tandala akinywa mbele ya kamera, nitakwenda Nairobi anifundishe kazi. Asipokunywa, nitabaki na mbuzi.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Mbuzi walikuwa wamenichosha.

Ulikuja saa nne asubuhi, mtungi mgongoni, ukanda wake kwenye paji la uso. Visima vya mchanga kule juu vilikuwa vimekauka, na wanawake walikuwa wanapanga foleni tangu jana yake kwa kikombe kimoja kimoja cha matope. Ukaona heri uje kwa mwanao. Ulikuwa unatabasamu, na hilo ndilo sijaweza kulitoa kichwani. Ulidhani ni faida kuwa na binti aliye kazini.

Nikakwambia, "Mwaitu, si hapa. Haya ni ya wanyama."

Ulinitazama, ukayatazama maji, ukanitazama tena. "Nimesikia," ukasema. Ukageuka, ukavuka mto na mtungi mtupu ukikugonga mgongoni.

Sikukufuata. Nilichukua tawi nikafagia nyayo zako. Viatu vyako vya akala vilikuwa vya tairi la lori, kila hatua iliacha mistari mchangani, na ilibidi nirudie mara mbili mpaka yote ikafutika. Metho alitoa mkono nje ya kibanda akaniinulia dole gumba. Jioni nilikuletea pesa nyumbani. Ulisema pesa hainyweki, ukanirudishia.

Tandala alikuja siku ya tatu, na mtoto wake. Tulipofunga mizigo Metho alivuta turubai lake, na maji yote yakazama mchangani, mbele ya wanawake watatu waliosimama ng'ambo na mitungi yao. Hakuwa mtu mbaya. Turubai lilikuwa lake.

Kule Nairobi Metho alinipa mkanda wa filamu ileile nijifunzie kukata na kuunganisha. Mwanzoni kabisa, kabla ya tandala, ulikuwepo wewe. Metho alikuwa anajaribu mwanga na kamera ikakunasa ukipanda ukingo wa mbali. "Toa huyo mama," aliniambia, kwa sababu filamu ilisema mahali pale hapajawahi kukanyagwa na mtu. Nikakutoa. Nilikata safi, mara moja, na alinisifu kwa hilo. Kile kipande nilikitia mfukoni. Ni sekunde tatu, vijipicha sabini na viwili vidogo kuliko ukucha wa dole gumba. Sina picha yako nyingine, na katika zote sabini na mbili umenipa mgongo.

Basi na wewe ukalipiza. Usiniambie hukulipiza.

Nilipopanga nyumba mjini Wote, yenye mfereji wa maji jikoni, ulikuja Krismasi na maji yako kutoka Nuu ndani ya mtungi wa mafuta ya kupikia. Ukachemsha chai yako peke yako, katika sufuria uliyokuja nayo. Majirani walipouliza, ulisema maji ya Wote yana chumvi. Ya Nuu ndiyo yana chumvi, Mwaitu, hata maziwa yanakatika kwenye chai. Nilikununulia tangi la bati, ukafugia kuku ndani yake. Miaka kumi na moja hukunywa tone la maji kutoka mkononi mwangu, na hukuwahi kusema kwa nini, na mimi sikuwahi kuomba msamaha. Tulikuwa wawili wenye vichwa vigumu na kila mmoja alimngoja mwenzake.

Hata siku ile ya mwisho. Syombua alishika kijiko ukanywa. Nikakishika mimi, kijiko kilekile, kikombe kilekile, ukafunga mdomo. "Mwaitu, kunywa." "Nimesikia." Maji yakakumwagikia shingoni. Nilikuchukia, nakwambia kweli. Nilitoka nje nikampiga teke yule mbuzi mweusi, na niliporudi ulikuwa umeshakwenda. Mazishini nilileta lori la maji, Nuu nzima ikanywa, mchungaji akanisifu mbele ya watu. Ni wewe tu ambaye hukunywa.

Sasa sikiliza. Leo asubuhi amekuja mwanamke nisiyemjua, na mtungi. Nimeshasema "Mama, si hapa" kabla sijajua ninasema nini. Amegeuka palepale bila kubisha. Nimemkimbilia, nimemwambia achote, na amechota haraka huku akinitazama kwa wasiwasi kama mtu anayeiba. Hakuniaga. Nyayo zake sijazifagia. Kwa hiyo tandala hatakuja leo wala kesho, na siku nilizopewa na wenye kamera zimebaki tatu tu. Usinisifu. Sikufanya kwa wema, ni kwamba nimechoka kukuona ukiondoka.

Ahadi yangu ni hii. Tandala aje asije, filamu yangu itaanza na zile sekunde tatu. Nitaziunganisha kwa mkono huuhuu uliozikata. Kwa kuwa zinakwisha kabla mtu hajakuona vizuri, nitazirudia, utaupanda ukingo ule tena na tena, na sauti yangu itasema: huyu ni mama yangu, alikuja kuchota maji, na mimi ndiye niliyemfukuza. Wakitaka kukitoa kipande hicho, wachukue kamera yao. Nitarudi kwa mbuzi ambao Syombua hajauza.

Najua ungekasirika, kuonyeshwa hivyo mbele ya watu na ule mtungi mtupu. Kasirika. Nakukosa mpaka naumwa, na bado nataka ukasirike.

Kwaheri, Mwaitu. Maji yangu uliyakataa mpaka mwisho. Picha hii huwezi kuifungia mdomo.

Umesikia?

Mwende