Sumaku Isiyovuta Hata Sindano

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Mabawe haijakurudishia kile kikohozi, na mguu wa Baba unamruhusu kufika shambani. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hauna nafuu.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitasema "salama tu" kama siku zote. Karatasi hii nitaipiga picha nimtumie Kaka Leonidi huko Lusahunga, aache kuwauzia madereva wa malori nyanya siku moja tu, aje akusomee. Kaka, soma yote. Usiruke.

Mama, ulinicheka sana: "Sumaku gani hiyo isiyovuta hata sindano? Umekwenda Ujerumani kusomea jiwe!" Nikakueleza kwamba ndani yake kila chembe ni sumaku ndogo, ila moja inaelekea huku na jirani yake kule, zinafutana nguvu, nje huoni kitu. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza kwa umeme, ili siku moja kompyuta zitunze kumbukumbu humo, tena upesi kuliko sasa. Pasaka nikakupigia nikipiga kelele kama mwendawazimu: zimegeuka! Ukawaambia wanajumuiya, wakaanza kukuita Mama Daktari.

Hazikugeuka, Mama.

Profesa wangu aliniambia niweke nyaya zilezile juu ya kipande cha kioo, kitu kisicho na sumaku kabisa. Nikapitisha umeme. Ile ishara niliyodhani ni ya kugeuka ikatokea vilevile! Kumbe ni waya ulikuwa unapata moto tu. Ni kama mtu aingize mkono kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe, akute joto, aite watu waje kukamua, kumbe joto ni la moto uliowashwa pembeni na ndizi bado ngumu. Wewe ungezibonyeza kwanza. Mimi msomi sikubonyeza. Nilikaa chini palepale maabara nikalia, na profesa akanizimia mashine.

Nimejaribu na vipande vingine vyote. Ni moto, moto, moto. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na kibali cha kuishi kinaisha nao. Niliomba niongezewe muda, wamekataa. Basi narudi bila shahada, na ile nafasi ya kufundisha niliyoiacha Biharamulo ina mwenyewe sasa. Usiniambie Mungu atafungua mlango, Mama. Nimechoka kuugonga.

Liko hili la Jumapili. Kaka anasema ndizi zimeshafukiwa na misa ya shukrani imeshatangazwa kanisani. Jamani! Najua utaona aibu, utataka kunyamaza mpaka watu wanywe waende zao. Usinyamaze. Waambie kabla hawajaonja. Ukishindwa, Baba asimame aseme. Siwezi kushukuriwa kwa kitu ambacho hakipo.

Msalimie Baba, na Bibi, na shangazi msuka mikeka. Msalimie mwenyekiti wa jumuiya, na umwambie yeye wa kwanza, maana ndiye aliyekupa lile jina.

Nitashukia kwa Kaka, sitafika Ngara mjini mchana watu wakiniona. Njoo unipokee wewe peke yako. Na ukiniona nimekonda usiniulize nimeleta nini. Nishike mkono tu, twende nyumbani.

Ni mimi mwanao,
Evarist. Evarist tu, Mama.