Pindo la Koti la Bibi Skolastika

Irving, Texas
Jumapili, baada ya misa

Dada Pelagia,

Huku tu wazima, ila mimi nimezidi kunenepa.

Koti la harusi la bibi yetu Skolastika lilifika salama. Mwanangu Queen alipolijaribu, ile kola ndefu ya mtindo wa 1912 na kiuno chembamba vilimkaa kana kwamba alipimwa yeye. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Sasa kaa chini, dada. Kamati ya harusi imelikata! Unazijua kamati zetu: zikishamaliza sare na ukumbi, zinatafuta kazi nyingine. Mwenyekiti, Mama Precious wa Plano, alilipeleka kwa fundi bila kutuuliza, likapunguzwa mpaka magotini. Pindo lote, ambalo kila bibi harusi wa ukoo wetu amelishonea uzi wa rangi yake, likatupwa kwenye pipa la vipande la fundi.

"Baba Queen, koti la kufagia sakafu nani anavaa siku hizi?" akaniambia, tena anacheka.

"Bibi yangu alivaa," nikamjibu, "na wala hakuomba ruhusa ya kamati."

Nilipiga magoti kwenye lile pipa, na kitambi changu hiki, hadi nikalipata pindo. Uzi wako wa kijani bado upo. Queen analirudishia koti pindo lake mwenyewe, kwa mkono, na mshono unakwenda upogo. Mama Precious analalamika kwamba utaonekana kwenye picha.

Nimemwambia mpiga picha aanzie hapo hapo.

Mdogo wako mwenye hasira,
Wilbroad