Munganga wa Nyumba Nzima

Bunia, Mudzipela, mwezi wa munane 2003

Kwako yaya Emerance, dada yangu mukubwa, huko Mahagi-Port,

Jambo yaya. Magoti yako yanasema nini? Na shemeji, kile kikohozi cha moshi wa samaki kimemuachilia? Siye hapa tuko wazima. Mungu anisamehe nikijivuna, lakini Bunia hii yote haina mutu wa bahati kama ndugu yako. Vita imebomoa nyumba za matajiri na za wenye diplôme, yangu imejaa! Bibi yangu Élise iko, watoto wetu Chance iko, Fifi iko, hata sufuria haikutoboka. Pale uliponiomba nikuletee bibi na watoto mapema, si nilikujibu kwamba ndugu yako Vital hakimbii?

Tena, sasa niko mutu wa université. Usicheke. Unajua niliacha masomo darasa la sita kwa sababu mwalimu aliogopa akili yangu. Leo wanganga wananisoma mimi.

Iko hapa profesa mumoja, Docteur Ambroise, anafundisha masomo mapya: médecine de famille, ni kusema uganga wa familia. Zamani mumoja alikuwa wa tumbo, mwingine wa mifupa, mwingine wa macho, mugonjwa anagawanywa kama mbuzi ya fête, ya sikukuu. Huyu anataka munganga wa nyumba nzima, mwenye kujua nani anapika, nani analia, nani ananyamaza. Wakubwa wenzake walimucheka, eti hiyo si spécialité, ni kutembelea watu tu. Akawajibu kwamba kikohozi kinaanzia jikoni, hospitali inakipokea kimeisha kukomaa. Vita ilitawanya wanafunzi wake. Anafundisha wale waliobaki, chini ya bâche, lile turubai. Kila mumoja anapewa nyumba moja ya kufuata, kisha anaieleza mbele ya profesa na wenzake. Asiyejua nyumba yake hapiti.

Nikajitoa wa kwanza. Niliisifu nyumba yangu mpaka wakanipatia Docteur Fulgence, kijana mwembamba, mupole sana.

Siku ya kwanza nilitandika sahani ine, nikamuambia Élise iko soko. Docteur aliporudi siku ingine nikasema mama na watoto wako kanisa. Mara nyingine nikawapeleka mtoni. Akaniambia kwamba bibi yangu anatembea kupita pikipiki za moto-taxi. Lakini hakuondoka! Ndiyo kazi yao hiyo, yaya: wale wanganga wengine tunawapangia mustari, huyu anakaa kwako mpaka bugali inapoa. Akanipima tension ya damu, akakunja uso. Nikamuambia hiyo inapandishwa na uzuri wangu. Hakucheka. Alikuwa anatazama nguo za watoto kwenye kamba, zile zile za siku zote, jua limekula rangi yake. Akauliza polepole, papa Vital, mvua ngapi zimenyeshea nguo hizi.

Kisha akasema kesho ndiyo zamu yake mbele ya profesa. Anaweza kueleza nyumba ninayomuonyesha, ama ile anayoiona. Nikakaa chini, nikamuambia yote. Chakula cha sahani ine tukakila wawili.

Alirudi amefurahi, amepita. Wenzake walisema nyumba ya namna ile haina kitu cha kufundisha. Profesa akawakatalia, akasema hiyo ndiyo nyumba yenye ugonjwa. Fulgence hakuniandikia kidonge hata kimoja. Aliniandikia dawa moja tu, na ndiyo hii unaishika mukononi: nimuandikie ndugu.

Basi salimia shemeji, salimia watoto, na wale wamama wa samaki wanaonidai vichekesho. Hapa ndipo mutu anaandika kwamba Élise na watoto wanakusalimia. Nimejaribu, yaya. Mukono umekataa.

Mabomu ya mwezi wa tano yalinikuta kwa kinyozi, ninawachekesha watu. Nilipofika nyumbani, mulango wazi. Jirani aliwaona Élise na watoto kwenye barabara ya Kasenyi, ya kwenda ziwani. Mwingine anasema walipanda pirogue, mutumbwi wa wavuvi. Uliza bandarini kwenu. Fifi iko na kovu kidevuni, na akiogopa anaimba.

Ile bahati niliyoanza nayo ni uongo. Nyumba haina mutu. Niko peke yangu.

Ndugu yako,
Vital